Mwanga Kinywani mwa Wifi

4 Machi

Mvua imeanza saa nne asubuhi, mashine imefika saa tano. Wabebaji wawili wameipandisha ngazini ikiwa imeviringishwa nailoni, huku Daktari akiwatangulia kinyumenyume: "Taratibu jamani, taratibu, hilo si friji!" Miaka kumi na tisa nimekuwa msaidizi wake, sijawahi kumwona akimshikia mtu mlango. Leo ameushika mpaka wabebaji wote wawili wakapita.

Mama wa kampuni iliyoileta amesema tutakuwa nayo kwa majaribio hadi mwisho wa Juni. Amenikabidhi rundo la fomu: umri wa mgonjwa, tatizo lake, dakika alizokaa kitini, maumivu kuanzia sifuri hadi kumi. Hizo nitazijaza. Yasiyoingia kwenye fomu nitayaandika humu, kwenye kurasa zilizobaki za kitabu cha miadi cha mwaka jana, maana mume wangu amechoka kusikia habari za meno wakati wa kula.

5 Machi

Tumeijaribu hiyo leza, mashine inayokata kwa mwanga, kwenye kipande cha nyama kutoka buchani. Harufu yake ni ya unywele ulioungua. Kila aliyemo chumbani lazima avae miwani ya kijani. Tunafanana na mainzi.

8 Machi

Amekuja yule dereva wa lori aliyewahi kutukimbia mara tatu, mara ya mwisho akiwa bado na kitambaa chetu shingoni. Kinachomkimbiza si maumivu, ni mlio wa drili. Leo Daktari amemwambia hapatakuwa na mlio ule, wala mtetemo kichwani, na kwa kuwa tundu lenyewe ni dogo huenda hata sindano ya ganzi isihitajike. Leza ikafanya tik-tik-tik kama bisi zinazopasuka nyumba ya pili. Tukalisafisha jino, tukaliziba. Dereva akabaki amelala, macho ameyafumba.

"Mnaanza saa ngapi?" akauliza.

Daktari amecheka hadi miwani ikaanguka. Kwenye fomu nimeandika: maumivu, moja.

Mchana akaja mzee mwenye meno yaliyozibwa kwa madini tangu ujana wake. Hayo leza haiyagusi. Drili ikatolewa kabatini. Daktari amefanya kazi yote amenuna, kama mtu aliyerudishwa darasa la chini.

12 Machi

Mvua. Mama mmoja ameleta kichanga cha wiki tatu kisichoweza kunyonya. Chini ya ulimi kuna kijinyama kilichoubana. Zamani tungekata kwa mkasi, damu ingetoka, mama angelia kuliko mtoto. Leo imechukua chini ya dakika moja na damu sikuiona. Mtoto amenyonya palepale, kwenye kiti cha Daktari, tukasimama wawili tukisikiliza anavyomeza.

14 Machi

Leo kaja Wifi.

Niseme ukweli, maana hapa hakuna wa kunisoma. Dada huyu wa mume wangu sijawahi kumpenda, na yeye hajawahi kuficha kwamba hanipendi. Ndiye aliyemlea mume wangu baada ya wazazi wao kufa, kwa hiyo mdogo wake alipooa, yeye alijiona kaibiwa. Kazi yake ni mnadi wa samani kuukuu. Anasimama juu ya sanduku mbele ya kabati lililoliwa na mchwa na kulisifia mpaka watu wawili wanalipigania. Ulimi ndio jembe lake, na jembe hilo limenipitia mara nyingi. Ananiita Bi Meno.

Ameingia akitiririka maji, mwavuli umegeuka ndani nje.

"Bi Meno, nasikia mna taa ya kichawi. Nina kidonda ulimini, jino linakichoma. Nikisema 'mara ya tatu' natoa machozi, wateja wanadhani nalilia kabati."

Kipo ubavuni mwa ulimi, upande wa kushoto, kwa nyuma, karibu na gego lililovunjika ukingo. Daktari amelisawazisha lile gego, kisha akaweka leza kwenye nguvu ya chini kabisa, ile isiyokata bali kutuliza, akakimulika kidonda kwa dakika chache. Wifi akazungusha ulimi mdomoni. Akazungusha tena.

"Hakiumi," alisema. Halafu akanitazama mimi, si Daktari. "Kumbe mnafanya kazi ya maana humu."

Miaka kumi na minne ya ndoa, hilo ndilo neno jema la kwanza.

18 Machi

Wagonjwa sita leo, wanne wametumwa na Wifi. Anatunadi mnadani, kati ya kabati na kitanda.

23 Machi

Barabara ya chini imejaa maji. Hakuna aliyekuja.

28 Machi

Wifi kaja kumulikwa tena. Maumivu yalirudi "kidogo tu". Kaniletea kitambaa cha meza, cha kijani, akasema kilikosa mnunuzi. Si kweli, kilikuwa kipya.

Wiki mbili zimetimia. Kidonda bado kipo.

Kuna kanuni ambayo hata mfagizi wetu anaijua, kwa jinsi ninavyoikariri: kidonda cha mdomoni kisichopona wiki mbili baada ya kuondoa kinachokikera, hukatwa kinyama kikapelekwa maabara. Daktari aliuliza, "Kimepungua?" Wifi akajibu, "Kimepungua." Mimi nilikuwa nimeshika mrija wa kufyonzea mate, nimekiona vizuri kuliko wote wawili. Sikusema kitu. Nilikuwa nafikiria kitambaa cha meza.

2 Aprili

Mvua. Daktari anazungumza kuhusu leza kama bwana harusi. Mwenye kisukari aliyekuwa akitokwa damu kwenye fizi kila asubuhi amesafishwa mifuko ya fizi, amerudi kusema mto wake hauna tena madoa. Ni kweli, na ninafurahi. Ila usiku silali vizuri.

8 Aprili

Wifi, mara ya tatu. Nimeushika ulimi wake kwa shashi ili Daktari aone, na kidole changu kimegusa pale pembeni. Pagumu. Vidonda vya kawaida ni laini kama ukingo wa jeraha lolote. Hiki kilikuwa kama punje ya choroko iliyofukiwa nyamani.

Daktari akasema, "Leo tukimalize kabisa. Nitakichoma chote kwa leza, dakika mbili, hakuna mshono."

Akanyanyua mkono. Na mimi, ambaye kwa miaka kumi na tisa nimekuwa nikisema "ndiyo Daktari" na "tayari Daktari", nikaziba kinywa cha Wifi kwa kiganja changu.

"Daktari, tukikichoma chote, tutapeleka nini maabara?"

Mvua tu juu ya bati la jirani. Nilidhani atanifukuza kazi. Akavua miwani ya kijani, akavaa yake ya kawaida, akainama kukitazama tena, safari hii kwa muda mrefu. Nikaona shingo yake ikibadilika rangi.

"Nipe kisu," alisema. "Cha kawaida."

Akachoma ganzi, akakata kipande kidogo, mimi nikakitia kwenye chupa. Wifi akatutazama kwa zamu.

"Mbona mmekuwa kama watu waliovunja sahani?"

Nikaandika jina lake kwenye chupa.

9 Aprili

Majibu ya maabara hakuna.

13 Aprili

Mvua. Hakuna.

17 Aprili

Saratani.

Daktari alisoma karatasi, akanipa, akaenda kusimama dirishani. Kutoka pale akasema, "Nilikimulika mara mbili. Nilikituliza, na kutulia kwake kukanidanganya." Nikamwambia na mimi nilikiona tarehe ishirini na nane. Akageuka. Tukatazamana kama watu wawili waliokutana mahali ambapo kila mmoja hakutaka kuonekana.

Jioni nimemwambia mume wangu. Alikuwa anamenya viazi. Aliendelea kumenya mpaka kiazi kikaisha mkononi.

22 Aprili

Hospitali kuu. Mume wangu, Wifi na mimi, benchi moja. Daktari wa saratani ni mwanamke mpole asiyezunguka: ugonjwa umeingia nyuma ya ulimi na umeshagusa tezi za shingo. Kuukata wote ni kumwondolea ulimi. Wataanza na mionzi, siku tano kwa wiki, wiki sita.

"Ukiukata nitabaki na nini?" Wifi aliuliza.

"Uhai, pengine. Bila maneno."

"Basi leta hiyo mionzi."

Kabla ya mionzi, meno mabovu yote lazima yang'olewe na fizi zipone, kwa sababu baadaye mfupa wa taya hautaweza kupona. Wifi akaninyooshea kidole. "Huyu ndiye anajua meno yangu. Yatang'olewa kwake."

24 Aprili

Meno matano. Daktari hakutania, hakuimba kama kawaida yake. Baada ya kila jino aliipitisha leza kwenye kidonda, damu ikaganda haraka. Nilimfuta Wifi kidevu. Mkono wake ulikuwa umeshika aproni yangu, na sidhani alijua.

1 Mei

Fizi zinapona vizuri. Mvua haina mpango wa kuacha.

9 Mei

Leo nimemwambia.

Nilikwenda kwake peke yangu. Chumba chake kimejaa samani ambazo mnadani hazikupata mnunuzi, viti vitatu vya aina tatu, kioo chenye ufa. Anakohoa kwa unyevu. Nilikaa kwenye kiti kibovu kuliko vyote, nikasema yote kwa pumzi moja: kanuni ya wiki mbili, tarehe ishirini na nane, kwamba niliona nikanyamaza, kwamba nilinyamaza kwa sababu alikuwa ameanza kunipenda na sikutaka kumpoteza kwa habari mbaya.

Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Wifi."

"Kile kidonda kina miezi minane. Kabla hata mashine yenu haijaletwa. Nilikuwa nakificha kwa karafuu na kwa maneno. Nilijua. Mtu hujua. Nikaja kwenu kwa sababu ya taa, nikijua kwamba taa haitanikata." Akarekebisha kanga mabegani. "Siku kumi na moja zako ni nyingi, sikatai. Zimeniuma kuzisikia. Lakini usijipe cheo, Bi Meno. Mbele ya miezi yangu minane wewe ni karani tu."

Nililia. Hakunibembeleza. Alinipa upande wa kanga nipangusie, halafu akaniambia nisimwambie mdogo wake habari ya miezi minane, kwa sababu atamgombeza, na yeye kugombezwa na mtoto aliyemwogesha hataki.

11 Mei

Mionzi, siku ya kwanza. Wanamfunga kinyago cha plastiki usoni, chenye matundu, kimebanwa mezani. Amesema kinafanana na chujio la chai na yeye ndiye majani.

19 Mei

Mate yanakauka. Anatembea na chupa ya maji mkononi. Mvua siku nzima.

26 Mei

Vidonda vimeanza. Tuliambiwa vitakuja, ila kuambiwa si kuona. Ndani ya mashavu, chini ya ulimi, nyuma ya midomo, nyama imechunika kama ya mtu aliyekunywa uji ukiwa jikoni unachemka. Hawezi kumeza. Hawezi kusema ila kwa kifupi. Leo amekataa kwenda hospitali. Kaandika kwenye karatasi, kwa mwandiko wake mzuri ule wa kuandika bei: WATAFUTE MWINGINE WA KUOKA.

Akikatiza mionzi sasa, ugonjwa utapata nafasi. Mume wangu alipiga magoti kando ya kitanda, mtu mzima, anamsihi dada yake.

27 Mei

Daktari amenisubiri mlangoni kwa mwavuli. Sijui alilala saa ngapi. Alikuwa amempigia yule daktari mwanamke wa hospitali kuu, akampigia na mwalimu wake wa zamani, akasoma mpaka macho yakawa mekundu. Ule mwanga wa nguvu ya chini, alisema, hutumika kwa vidonda vya mionzi pia. Hauponyi saratani. Hauelekezwi kwenye uvimbe wenyewe, na haupangwi bila daktari wa saratani kukubali. Na huyo amekubali, amemtajia hata sehemu za kumulika na za kuepuka. Unaipunguzia nyama ya mdomo maumivu na kuisaidia ijijenge.

"Safari hii," alisema, "hatumwambii mtu kwamba ni uchawi. Tunamwambia inafanya nini na haifanyi nini."

Nimemtazama mtu huyu miaka kumi na tisa kutoka upande wa kulia. Leo ndiyo mara ya kwanza namwona usoni.

Mume wangu akamleta Wifi. Alisikiliza, akatikisa kichwa kukubali. Tukamvalisha miwani. Daktari akapita polepole, sehemu moja baada ya nyingine, bila kugusa, mimi nikivuta shavu kwa kidole kilicholowa. Hakuna tik-tik, hakuna harufu. Kadoa kekundu tu kanakotembea kinywani. Baada ya robo saa nikampa kijiko cha maji. Akameza. Akakunja uso, akataka cha pili.

28 Mei

Alikwenda kwenye mionzi.

29 Mei

Akaja kwetu. Vijiko sita vya uji mwepesi.

1 Juni

Vijiko kumi na moja. Amepungua sana, mgongo wa kiti unaonekana pande zake zote mbili.

3 Juni

Mvua ya mawe jana jioni, umeme umekatika mji mzima. Wifi kafika saa saba mchana kutoka hospitali, shavu ameliegemeza kiganjani. Mashine ni jiwe tu bila umeme. Tulimlaza kitini tukasubiri. Daktari alituma wagonjwa wote nyumbani. Saa nane. Saa tisa. Mume wangu akaja kutoka kazini, akakaa sakafuni, kichwa ameegemeza kwenye mguu wa kiti. Tulikuwa wanne katika chumba chenye giza la mvua, na kilichosikika ni pumzi ya Wifi tu, inayopita mdomoni kama kitambaa kinachopasuliwa.

Saa kumi na mbili bado. Mume wangu akambeba mgongoni kushuka ngazi, jinsi nadhani yeye alivyobebwa zamani. Usiku hakumeza hata maji.

4 Juni

Umeme saa tatu asubuhi. Tulimwona kwanza yeye kabla ya mgonjwa yeyote. Jioni vijiko vitano.

10 Juni

Daktari amenifundisha kupanga nguvu na dakika, anasimama nyuma yangu akihakikisha. Fomu ya maumivu: asubuhi tisa, jioni tano. Mama wa kampuni alipiga simu akauliza kama anaweza kuziweka namba za Wifi kwenye karatasi zao za matangazo. Daktari alimwambia hapana, akakata simu.

15 Juni

Mvua kidogo. Wifi kaongea sentensi nzima: "Uji wako hauna sukari." Ladha hana, mionzi imeichukua. Amekisia tu ili agombe. Mume wangu alitoka nje kucheka, akakaa huko muda mrefu.

19 Juni

Mionzi imekwisha. Siku thelathini zote, na zile mbili alizozikosa amezilipa Jumamosi. Amekataa kuja na kinyago chake nyumbani.

24 Juni

Jua, mara ya kwanza tangu sikumbuki lini. Vidonda vinafunga. Nusu kikombe cha supu ya viazi, iliyopondwa. Lakini akinywa hukohoa, na hukohoa muda mrefu.

30 Juni

Daktari ameamua mashine ibaki. Wifi ana homa.

2 Julai

Wamemlaza. Chakula na mate vimekuwa vikiteleza kwenda kwenye mapafu, kwa sababu koo lililopigwa mionzi limesahau njia. Mapafu yote mawili. Hakuna wingu hata moja dirishani.

4 Julai

Anapumulia mashine ya hewa. Alimshika mdogo wake sikio, akalivuta taratibu, akaliachia. Baadaye alinitazama mimi akafungua kinywa, nikadhani anataka kusema, nikainama. Alikuwa ananionyesha kinywa tu, kama mgonjwa anayejua zamu yake.

6 Julai

Wifi amefariki saa kumi na moja alfajiri ya leo.

Nesi wa zamu aliniruhusu nimsafishe. Mwili waliuosha wao, nikaomba kinywa waniachie. Nililowesha shashi, nikamfungua taya kabla haijakaza, nikawasha taa ya simu. Nimetazama vinywa kwa miaka kumi na tisa, na mikono ilijua la kufanya peke yake: shavu la kulia, shavu la kushoto, chini ya ulimi, nyuma ya midomo. Nyama ilikuwa ya waridi. Laini. Fizi za yale meno matano zilikuwa zimefunga kabisa, hata kovu halikuwepo. Pale pagumu tu ubavuni mwa ulimi ndipo palikuwa bado pagumu, ingawa padogo zaidi.

Kila tulichokimulika tangu Aprili kilikuwa kimepona.

Nilikaa na hilo kwa muda, taa ikiwa imewaka. Sikujua nimshukuru nani wala nimkasirikie nani.

Mume wangu alikuwa amekaa ukumbini, viatu vya dada yake mapajani. Nilikaa pembeni yake. Watu wa usafi walipita na ndoo zao, wakatuzunguka.

"Niambie ukweli," alisema bila kunitazama. "Wewe unajua. Mwisho alikuwa anaumia?"

Mapafu sikuyaona. Moyo wake sikuuona, wala yale aliyokuwa akiyawaza saa zile za alfajiri. Kuhusu hayo ningemwambia lolote lingekuwa uongo.

"Mdomoni, hapana," nikamwambia. "Mdomoni alikuwa haumii."

Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa. Halafu akainama akaanza kuvifunga kamba vile viatu vya mapajani, kimoja baada ya kingine, kwa fundo la mara mbili.